Baba alitaka cha kutafuna

Baba aliuma kababu ya kwanza, akaizungusha kinywani kwa ulimi, akameza. Hakuwa ametafuna hata mara moja. Akanitazama kwa upole, ukamwona kabisa anatafuta namna ya kusema asiniumize. "Ladha ipo, mama," akasema. "Ila haina cha kutafuna."

Nilikuwa nimeihangaikia sahani ile tangu asubuhi, kwa hiyo niliumia. Lakini miaka mitatu imepita sasa, na karibu kila nilichojifunza kuhusu kutengeneza mbadala wa nyama kwa maharagwe na mboga kimetoka kwenye maneno yale. Anayeachishwa nyama hukosa ladha, ni kweli, ila hukosa pia kazi ya meno, na sisi wapishi tunahangaika na ladha peke yake. Ladha unaweza kuiazima kwenye viungo. Utafunaji huuzwi kwenye pakiti wala kopo, sharti uujenge mwenyewe.

Baba alihamia kwangu baada ya jongo kumlaza mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Kidole gumba cha mguu wa kulia kilivimba na kuwaka moto hadi akawa hastahimili hata shuka kumgusa. Daktari alitueleza kuwa mwili ukivunjavunja purini, kemikali iliyomo kwa wingi kwenye nyama na baadhi ya vyakula vingine, hutoa asidi ya yuriki, na asidi hiyo ikizidi kwenye damu hugeuka fuwele zinazojijenga ndani ya kiungo. Dawa alipewa. Akaambiwa pia maini na figo aache kabisa, na nyama nyekundu iwe ya nadra. Baba ni mtu wa nyama tangu ujana wake. Tulirudi nyumbani hajasema neno, na kimya kile kilinitisha kuliko mguu wenyewe.

Hofu yangu ya kwanza ilikuwa kwamba maharagwe nayo yana purini. Nilipomuuliza daktari, akanieleza juu ya utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004, uliowafuatilia wanaume zaidi ya 47,000 kwa miaka 12. Waliokula nyama na vyakula vya baharini kwa wingi waliugua jongo zaidi. Lakini mboga na nafaka zenye purini, yaani maharagwe, njegere, adesi, uyoga, spinachi, koliflawa na oti, hazikuonekana kuongeza hatari. Nikatoka pale nimepata orodha ya kupikia. Iliyobaki ilikuwa kuvigeuza vitu hivyo viwe chakula anachokitaka, asikile kwa kuvumilia tu.

Nikaanza na blenda, na hapo ndipo nilipokosea. Nilitia maharagwe yaliyoiva vizuri pamoja na kitunguu, karoti na kitunguu saumu, nikasaga hadi vikawa laini kabisa, nikidhani ulaini ndio ustadi. Ikatoka rojo. Nikaongeza unga ishikane, ikakataa, nikaongeza tena. Kwenye mafuta ikawa kahawia nje, na ndani ikabaki uji mzito. Hiyo ndiyo sahani aliyoionja baba.

Ilinichukua wiki kadhaa kuelewa kwamba nilikuwa napigana na maji. Haragwe kavu lina maji kidogo sana, lakini likishaiva, karibu theluthi mbili ya uzito wake ni maji. Uyoga ni maji kwa takriban asilimia 90, na kitunguu na karoti haviko mbali na hapo. Ukivisaga pamoja unayafungulia maji hayo yote kwa mkupuo, kisha unaanza kuyafukuza kwa unga. Unga ukizidi unafunika maharagwe, unajikuta na mkate. Kwa hiyo sasa kila kitu nakikausha peke yake kwanza, kabla hakijakutana na kingine.

Maharagwe nayaacha kwenye chujio hadi yaache kudondosha. Halafu nayatandaza kwenye sinia la oveni, yasipandane, kwa nyuzijoto 175, dakika 15 hadi 20. Yakifika yanasema yenyewe: ganda linapasuka katikati na kujikunja pembeni, na ukilibonyeza haragwe kati ya vidole linavunjika vipande vikavu badala ya kupakaa. Asiye na oveni atumie kikaango kipana kisicho na mafuta, moto mdogo, akiyageuza taratibu. Uyoga naukata vipande vidogo, naukaanga bila mfuniko. Kwanza utatoa maji na kuogelea humo humo, na hapo wengi huepua wakidhani umeiva. Usiepue. Subiri hadi maji yaishe, mlio wa kuchemka ugeuke mlio wa kukaanga, na vipande visinyae hadi vibaki theluthi ya vilivyokuwa. Karoti naikwangua, naitia chumvi kidogo, na baada ya dakika 10 naikamua kwa kitambaa safi. Mara ya kwanza nilishangaa maji yaliyotoka, karibu nusu kikombe kwenye karoti tatu tu.

Kuponda ni kwa uma. Theluthi mbili ya maharagwe naivuruga hadi ishikane, theluthi inayobaki naiacha na vipande vinavyoonekana kwa macho, maana vipande hivyo ndivyo meno yatakavyovikuta. Baba alipokula ya namna hii kwa mara ya kwanza alitafuna mara tatu, labda nne. Nilihesabu.

Kuhusu kushikana, nilipoteza unga mwingi kabla ya kujua kuwa nilichokikosa ni subira. Maharagwe yenyewe yana wanga, na wanga ulioiva hukaza ukipoa. Ndiyo maana mchanganyiko wa moto unamomonyoka kwenye kikaango, na huohuo ukilala kwenye jokofu saa nzima unageuzika bila kuvunjika. Nikitaka msaada natia oti zilizosagwa kidogo, au kijiko kimoja cha mbegu za kitani zilizosagwa, nilizoziloweka kwenye vijiko vitatu vya maji hadi zikavuta ute. Yale maji mazito yaliyochemshia dengu nayo hushika vizuri, kwa hiyo nayahifadhi. Kupima, nafinyanga donge dogo na kulibonyeza katikati kwa kidole gumba. Kingo zikipasuka, ni kavu mno, naongeza kijiko cha maji ya dengu. Kidole kikitoka na utope, oti kidogo na muda zaidi.

Sasa lipo jambo ambalo ningependa kila anayeanza alisome kabla hajawasha moto. Katika kusaka utafunaji nilifanya kosa la hatari. Nilijiambia kwamba maharagwe yanalegea kwa sababu ya kuchemka kwa fujo, basi nikayapika mekundu kwenye sufuria ya umeme ya kupikia polepole, kwenye moto wa chini, bila kuyachemsha kwanza. Yalitoka mazima, magumu kidogo, yanang'aa. Nilifurahi sana, na wakati wa kuponda nilionja tena na tena. Mume wangu naye akapita akachota. Saa mbili baadaye nilikuwa nimeinamia ndoo, natapika hadi tumbo halina kitu na bado linajikaza, kisha kuhara kukafuata. Mume wangu akaanza muda mfupi baada yangu. Baba alikuwa amelala, hajala. Kwa hilo namshukuru Mungu hadi leo, kwa sababu mzee wa umri wake kupoteza maji kiasi kile ni hatari tupu, na kukaukiwa maji peke yake kunaweza kuamsha jongo.

Maharagwe, hasa mekundu, yana lektini, aina ya protini yenye sumu, iitwayo fitohemaglutinini. Mabichi manne au matano yanatosha kumwangusha mtu. Sumu hiyo huvunjwa na mchemko wa kweli, yaani nyuzijoto 100, na sufuria yangu ile kwenye moto wa chini haikuwa inafika huko. Ubaya zaidi ni kwamba maharagwe yaliyopashwa hadi nyuzijoto 80 hivi yanaweza kuwa na makali kuliko yaliyo mabichi kabisa. Tangu siku hiyo naloweka saa 5 au zaidi, mara nyingi usiku kucha, namwaga maji yale, natia mapya, nachemsha kwa nguvu dakika 30 ndipo napunguza moto. Kumwaga maji ya kulowekea kunapunguza pia zile sukari zinazojaza tumbo gesi, na baba aliliona hilo kabla yangu. Ukitaka haragwe lililoiva lakini lisilosambaratika, tia nyanya, ndimu au siki likishaiva. Ukiitia mapema litagoma kuiva, na utakuwa umerudi kwenye hatari ileile.

Ladha sitaisemea sana, wengi wanaijua kuliko mimi. Ila kuna mambo mawili yaliyonibadilisha. La kwanza, kile tunachokiita ladha ya nyama kwa sehemu kubwa ni glutameti, na nyama haina hatimiliki nayo. Mkemia wa Japani, Kikunae Ikeda, aliitenga mwaka 1908 kutoka kwenye mchuzi wa mwani, akaiita ladha hiyo umami. Imo kwenye uyoga uliokaushwa, kwenye sosi ya soya, kwenye nyanya. Nyanya ya kopo, kijiko kimoja, naikaanga kwenye mafuta hadi igeuke rangi ya tofali na ianze kushika chini ya sufuria, na humo ndimo natia binzari nyembamba, pilipili manga na kitunguu saumu. Sosi ya soya ina chumvi nyingi, kwa hiyo nikiitia hiyo sitii chumvi nyingine, hasa kwa mzee.

La pili ni mafuta. Nyama ina mafuta ndani yake. Haragwe, ukiacha soya, karibu halina. Kababu zangu zilikuwa zinakauka mdomoni hata zikiwa na unyevu, nami nikawa naongeza maji, kosa lilelile kwa mlango mwingine. Zilichokuwa zinaomba ni mafuta. Siku hizi nasaga mbegu za alizeti au njugu kiganja kimoja, si laini sana, nachanganya. Zinateleza, na meno yanapata kingine cha kuuma.

Halafu kikaango. Ule ukoko wa kahawia unatokana na protini na sukari kuungana kwenye joto, jambo ambalo Mfaransa Louis Camille Maillard alilieleza mwaka 1912. Hutokea kwa kasi joto likivuka nyuzijoto 140 hivi, na juu ya kababu iliyolowa joto haliendi mbali na 100 hadi maji yaishe. Kwa hiyo naifuta juu kwa kitambaa, mafuta yapate moto kwanza, naiweka, kisha natoa mkono dakika nne nzima. Ikiwa tayari inajiachia yenyewe. Ukiisukuma ikagoma, bado.

Kababu iliyokaushwa, iliyolazwa, yenye ukoko, inatafunwa mara tano au sita. Baba alizila kwa moyo, akawa anaomba nyingine. Mimi ndiye niliyekuwa sijaridhika, kwa sababu nilimwona: anamaliza kula, meno bado yanatafuta kitu. Nyama ina nyuzi zinazokwenda upande mmoja, na haragwe halina, hata ulibembeleze vipi.

Nyuzi nilizipata kwenye ngano. Watawa wa Kibuddha nchini China, wasiokula nyama, wamekula gluteni, yaani protini ya ngano inayovutika, kwa karne nyingi. Unakanda unga wa ngano na maji tu hadi donge liwe gumu na uso wake laini, unalizamisha kwenye maji saa moja, kisha unaliosha. Chagua unga wa mkate, ule wenye protini nyingi. Maji ya kwanza yanatoka meupe mithili ya maziwa. Katikati ya kuosha donge litavunjikavunjika mikononi, utaona umeliharibu. Endelea. Likusanye kwenye chujio, lifinye chini ya maji safi, baada ya muda vipande vinashikana tena, vinakuwa vya kijivujivu, vinavutika. Kilo moja ya unga iliniachia donge la gramu 300 hivi. Kilichoondoka ni wanga. Nayaacha maji hayo yatuame, namwaga ya juu, na ule wanga mzito wa chini natumia kushikisha kababu za maharagwe siku inayofuata.

Nilijaribu kukanda gluteni hiyo pamoja na maharagwe, vikakataana. Donge lililokwisha kuoshwa halipokei kitu. Kilichofaa ni kulivuta liwe mkanda mrefu, kulipaka maharagwe yaliyosagwa laini na viungo vyake (hapa ulaini una kazi), kulikunja, kulisokota kama kamba, kisha kulifunga fundo. Unapaka kiasi tu, maana yakizidi tabaka zinaachana. Fundo nalifunga kwenye kitambaa, nalipika kwa mvuke dakika 45. Usilichemshe kwa fujo kwenye maji, litafura na kuwa sponji. Likipoa linalala kwenye jokofu usiku kucha, na asubuhi linachanika kwa nyuzi, unaona kabisa zilivyosokotwa. Na ule upako wa maharagwe haupo kwa ladha tu. Protini ya ngano ni haba katika lisini, moja ya asidi amino ambazo mwili hauwezi kujitengenezea, maharagwe yana lisini nyingi, kwa hiyo kimoja kinajaza pengo la mwenzake.

Mwenye ugonjwa wa seliaki, ambaye gluteni humdhuru utumbo, asiguse njia hii hata kidogo. Kwake kuna tofu, ile jibini ya soya, iliyogandishwa: barafu inatoboa vijitundu ndani yake, ikiyeyuka unaikamua kwa nguvu, unaichana kwa mkono, inanyonya mchuzi wote utakaoipa. Kuna tempe ya kisiwa cha Java, soya iliyoiva ikaunganishwa na ukungu mweupe kwa siku moja au mbili kwenye joto la nyuzijoto 30 hivi. Inatafunika vizuri, ila inataka usafi mkali, na ikitoa harufu kali ya kuoza unatupa yote bila huruma. Fenesi bichi linapendwa sana kwa sababu linachambuka kama nyama iliyochemka, nami nalipika, lakini lina protini kidogo mno. Ukimpa mtu fenesi badala ya nyama, mpe na maharagwe.

Baba anakunywa maziwa na kula yai, kwa hiyo vitamini B12 anaipata. Anayeacha vyote vya wanyama hataipata kwenye maharagwe wala mboga, ni lazima ameze vidonge au ale vyakula vilivyoongezewa. Madini ya chuma ya maharagwe nayo huingia mwilini vizuri zaidi yakiliwa na kitu chenye vitamini C, ndimu au pilipili hoho, na chai isubiri hadi baadaye.

Mguu wa baba ulipotulia aliniomba kazi jikoni. Mikono yake haina tatizo, ina nguvu kuliko yangu. Nikampa donge aoshe. Aliketi kwenye kiti kando ya sinki, akalifinya, akalifinya, kila nikisema limetosha anaangalia maji na kusema bado yana wingu. Kamba aliisokota kwa nguvu kuliko nilivyowahi kuthubutu, akalifunga fundo mara mbili.

Kesho yake nililikaanga likashika ukoko, nikamwekea kipande kilichotoka katikati ya fundo. Akakichana kwa vidole kufuata nyuzi, akatia mdomoni. Nilisimama pale na mwiko mkononi.

"Vipi, baba?"

Akainua kidole nisubiri. Alikuwa bado anatafuna.